Mkanda wa 120 au wa 35mm? Kwa Dodoma, angalia jua kwanza

Wanaotaka kupiga picha kwa mkanda huniuliza: ninunue kamera ya 35mm, au ile kubwa ya mkanda wa 120? Karibu kila mara najibu 35mm. Mkanda wake unatoa picha 36. Wa 120 unatoa 12 kwenye kamera ya 6x6 (yaani picha ya sentimita 6 kwa 6 hivi kwenye mkanda), na 10 tu kwenye 6x7. Kama bado unajifunza kupima mwanga, utaumia mfukoni.

Ni kweli negativu ya 6x6 ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya 35mm, kwa hiyo ngozi inatoka laini sana. Lakini picha zikiishia kwenye simu, nani ataona?

Halafu nenda kawapige akina mama wa Kigogo kwenye ngoma ya muheme. Ngoma ndiyo kwanza inakolea, mkanda umekwisha, na sasa ufungue kamera katikati ya vumbi. Punje moja ya mchanga ikinasa humo inachora mstari picha hadi picha. Isitoshe, kioo cha Yashica Mat, kamera ya 6x6 unayoitazama kutoka juu, kinageuza kulia kuwa kushoto, kumfuata mchezaji ni kazi. Hapo nipe Nikon FM2, ya 35mm, nitulie.

Ila kuna kazi moja ambayo kamera kubwa inanishinda hoja: kumpiga mtu aliyesimama juani saa saba mchana. Na sababu si negativu, ni shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kuruhusu mwanga. Jua letu linapiga utosini, macho yanazama kwenye kivuli, dawa yake ni flashi. Sasa Pentax K1000, ya 35mm, inakubali flashi mwisho kasi ya 1/60 ya sekunde. Kwa mkanda wa ISO 100, kwenye jua kali, unalazimika kufunga lenzi hadi f/22, tundu dogo kabisa, na flashi ndogo haifui dafu. Yashica Mat au Hasselblad 500C/M (nayo ya 6x6) shata yake imo ndani ya lenzi, inakubali flashi hadi 1/500. Unapiga kwa f/8, tundu kubwa zaidi, na flashi inatakiwa kutoa moja ya nane tu ya mwanga ule. FM2 za baadaye zinafika 1/250, si haba. Usidanganywe na umbo lakini: Pentax 67, kamera ya 6x7, ni nzito kama tofali, na kwa flashi inaishia 1/30.

Tena ukiinamia kioo cha juu, mzee unayempiga anaendelea na maongezi yake, hajioni ameelekezewa kitu usoni.

Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, nayo inafaa 6x7: haikimbii, ipo kivulini, unatumia stendi. Mlima unapandwa kwa miguu lakini, na kamera ya 6x7 kama Mamiya RB67 pamoja na lenzi yake inazidi kilo mbili.

Ukipata ya mtumba, kabla ya kulipa weka shata kwenye sekunde 1, bonyeza, sikiliza. Ikisuasua au ikigoma, punguza bei kwa gharama ya fundi, au iache.