Mtafiti mgeni unayekwenda Ujerumani: kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza kama utaandikishwa hapo

Mkuu, nimesoma maelezo yako: umepata nafasi ya utafiti ya miezi sita Ujerumani, uko Kigoma, na unataka kujua utafute chumba ukiwa huko huko au usubiri ufike, na kama mama watoto anaweza kuja nawe. Halafu kuna yule wa mtandaoni anayetaka umtumie hela ya amana ndipo akutumie funguo. Nianze na huyu wa mwisho kwa sababu ana haraka na hela yako. Usilipe.

Mwenye nyumba anayesema yuko London kikazi, nyumba iko Ujerumani, funguo zitakuja kwa posta ukishatuma pesa, huyo ni tapeli. Wote wanafanana: picha nzuri mno, bei ya chini kuliko mtaa mzima, na nakala ya pasipoti amekutumia bila kuombwa ili umwamini. Hiyo pasipoti kwa kawaida ni ya mtu aliyelizwa kabla yako. Ndiyo maana hata nakala ya pasi yako usimpe. Atakayefuata ataonyeshwa sura yako.

Sasa makazi yenyewe. Mimi nilikuwa Konstanz, kusini kabisa, kando ya ziwa la Bodensee (lina urefu wa kilomita 63, sisi wenye Tanganyika ya kilomita 673 tunalitazama kwa adabu tu). Hapa kwetu Kigoma ukitaka chumba mtaa wa Mwanga au Gungu unampigia dalali, jioni ameshakuzungusha na bodaboda, kesho yake unalipa kodi ya miezi sita na kuhamisha godoro. Kule kuwa na hela mkononi hakukupi chumba. Mwenye nyumba anataka kujua wewe ni nani, nani anakulipa, na unaondoka lini. Wapangaji wa kule huonyesha rekodi yao ya madeni, inaitwa Schufa. Wewe mgeni huna, kwa hiyo barua ya mwaliko ya chuo na barua ya ufadhili inayotaja kiasi cha kila mwezi ndizo zitakazokusemea. Ziweke kwenye faili moja la PDF, pamoja na mistari michache ya kujitambulisha, uwe unalituma kila unapoomba chumba.

Jibu langu kwa swali lako ni hili: ukiwa Kigoma tafuta mahali pa kufikia tu, kwa mwezi mmoja au miwili, lakini pawe mahali utakapoandikishwa. Chumba cha kudumu utakitafuta ukiwa huko, kwa macho yako.

Nasisitiza kuandikishwa kwa sababu watu wetu wengi wanakwama hapo. Ukihamia, una wiki mbili za kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani yako, wanaita Anmeldung. Kwa mtu wa miezi sita si hiari. Na ofisi haikuandikishi kwa maneno: unapeleka karatasi iliyosainiwa na aliyekupa makazi, inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Bila anwani iliyoandikishwa, kibali cha ukaazi kinakwama, namba ya kodi ya mapato haiji, na benki nyingi hazikufungulii akaunti. Kuna vyumba vya bei poa ambavyo mwenyewe anakwambia kabisa, "kaa, lakini kujiandikisha hapana." Hicho mwachie mtalii. Hata ukizidishiwa euro mia kwa mwezi, chukua penye karatasi.

Pa kuanzia ni nyumba za wageni za chuo. Vyuo vingi vina vyumba vya watafiti wageni, vyenye kitanda, meza na jiko, na vina ofisi ya kupokea wageni. Ila vinajaa mapema, na wewe hupewi nafasi kwa kuandika mwenyewe kama unavyoipata katibu wa idara akikuombea. Profesa wako atakujibu "tutaangalia." Katibu ndiye anayejua ni nani anaondoka mwezi gani na chumba chake kitabaki wazi. Mwandikie yeye, kwa heshima, ukitaja tarehe zako kamili. Kama unaingia Septemba au Oktoba, jua kwamba muhula wa baridi unaanza Oktoba na wanafunzi wote wa mji wanatafuta chumba wakati huo huo.

Ukishafika, kwa miezi sita usihangaike na nyumba tupu. Tupu ya kule mara nyingi haina hata jiko wala taa. Tafuta chumba cha mtu aliyesafiri anayekipangisha kwa muda (mwambie akuonyeshe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi), au chumba ndani ya nyumba ya kushirikiana, wanaita WG. Tovuti ya WG-Gesucht ndiyo wengi wanaitumia, na matapeli nao wamo.

Chumba cha WG kina usaili. Mnakaa jikoni, wanakumiminia chai, halafu maswali: unaamka saa ngapi, unapika kila siku au mara moja moja, unapenda mle pamoja au kila mtu na lake, zamu ya kusafisha choo unaionaje. Hakuna anayekuuliza kabila wala ukoo. Jibu ukweli, maana wanachagua mtu wa kuishi naye. Dagaa wa Kigoma usiwataje siku hiyo. Utawakaanga Jumapili wenzako wakiwa hawapo.

Bei kwenye tangazo isome vizuri. Kaltmiete ni kodi tupu, Warmmiete ni kodi pamoja na maji na joto la nyumba, na umeme mara nyingi bado uko nje. Ukilinganisha vyumba viwili, linganisha Warmmiete na Warmmiete. Amana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Kuna pia ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inayolipwa kwa nyumba nzima hata kama huna runinga; kwenye WG mnagawana. Dalali analipwa na aliyemwita, sheria hiyo ipo tangu 2015, kwa hiyo akikudai wewe wakati ameitwa na mwenye nyumba, mkatalie.

Kwa wanaokwenda Konstanz: utaona vyumba vya Kreuzlingen, unavuka mtaa tu umefika. Hiyo ni Uswisi. Kibali chako cha Ujerumani hakikupi ruhusa ya kuishi kule.

Siku ya kukabidhiwa chumba usiwe na haraka. Mwenye nyumba wangu alikuja na fomu na tochi, tukapita kona kwa kona: mkwaruzo wa sakafu mlangoni, kigae kilichopasuka nyuma ya sinki, tarakimu za mita, idadi ya funguo. Kila kitu kikaandikwa, tukasaini wote wawili. Piga na picha. Na wakati wa baridi fungua madirisha wazi dakika chache kila siku hata kama meno yanagongana, maana ukijifungia, ukuta unaota ukungu na gharama inakatwa kwenye amana yako.

Mkataba uwe wa muda maalumu unaoishia tarehe yako ya kuondoka. Ule usio na mwisho unadai taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuhama. Amana nayo hairudi siku hiyo hiyo, mwenye nyumba anaweza kuishikilia miezi kadhaa akisubiri hesabu ya joto na maji, kwa hiyo akaunti yako ya kule usiifunge ukipanda ndege.

Kuhusu mama watoto: vyumba vingi vya wageni ni vya mtu mmoja, na idadi ya watu huandikwa kwenye mkataba. Kama anakuja, mwambie katibu tangu barua ya kwanza. Weka hapa mji na tarehe yako ya kuingia, waliopita huko watakwambia chuo kina nyumba za wageni upande gani.