Mbona wa kwenye tamthilia anapona upesi?

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mkubwa. Mume wangu ni miongoni mwa waliookolewa meli ya Spice Islander ilipozama, Septemba 2011. Tangu siku ile hajapanda chombo, na usingizi wake ni wa vipande. Jenereta la jirani likiwashwa, anaacha chakula anatoka barazani. Sasa binti yetu anaolewa Unguja na baba mtu anasema hendi. Wifi yangu, tunayetazama naye tamthilia za polisi za Kimarekani, ananambia kaka yake anajidekeza: mbona mule mwanamke anatekwa, anapigwa, na wiki ya pili yuko kazini na bastola yake? – Mama Bi Harusi, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Wifi yako kadanganywa na saa ya televisheni. Kipindi hakifiki hata saa nzima, na ndani yake lazima mtu auawe, muuaji asakwe, akamatwe. Nafasi ya kuugua itatoka wapi? Kiwewe wanakionesha kwa picha za ukungu na ukelele, basi. Cha mumeo kimo kwenye mngurumo. Meli ile ilizama usiku, ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba; mwili wake ukisikia injini gizani unarudi kulekule, hata kama mwenyewe kakaa mkekani na tonge mkononi. Huko si kudeka. Madaktari wa Marekani waliyaingiza maradhi haya ya kiwewe kwenye kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka 1980, na kukwepa kila kinachokumbusha ni miongoni mwa dalili zake.

Si tamthilia zote, lakini. Katika Law & Order: SVU, mpelelezi Olivia Benson alipotekwa mwaka 2013, walimpeleka kwa mtaalamu, na hofu ikamwandama vipindi kadhaa. Hapo niliwapa heko. Kipindi cha Monk nacho nacheka mpaka machozi, ila mpelelezi wake, Bwana Monk, mkewe kauawa kwa bomu la gari, na maradhi ya hofu ya bwana yule yamefanywa kipaji cha kukamata wauaji! Mumeo hakupewa kipaji, kapewa kukesha.

Kinachoniudhi hasa ni yule muuaji ambaye kila mara "ana kichaa". Nimeuguza wagonjwa wa akili mpaka nikastaafu. Niliowafunga vidonda vya kupigwa na watu ni wengi kuliko waliompiga mtu. Lakini mtaje daktari wa akili, mtu anajiona keshakuwa yule wa kwenye runinga. Kwa hiyo usianze na neno Kidongo Chekundu, ile hospitali ya akili ya Unguja. Anza na huo usingizi, maana nao ni kweli. Nendeni hospitali iliyo karibu, muulizieni muuguzi wa afya ya akili. Yako matibabu ya mazungumzo, yako ya kuizoea hofu kidogo kidogo, pengine leo akakae bandarini Mkoani tu, atazame na kurudi, na dawa pia zipo. Kisomo endeleeni nacho, hakigombani na daktari.

Jenereta likiwashwa tena, mfuate barazani na kikombe chake cha chai. Na ya harusi, muulize kama ndege ataiweza. Akikubali, kateni tiketi mapema, viti vyake vichache.