Tumetafsiri kila kitu kwa Kijapani, mbona watu hawakai?

SWALI: Kampuni yetu ina mtandao wa kijamii ulioanzia Ulaya, na sasa tumeingia Japani. Tafsiri imekaguliwa na Wajapani wenyewe, wakasema lugha ni safi. Lakini watu wanajisajili, wanazunguka siku mbili tatu, hawarudi. Kosa letu ni la kiufundi au la soko?

JIBU: Yote mawili, ila anza na la kiufundi, maana hilo unaweza kulirekebisha wiki hii.

Jaribuni kuandika ujumbe kwa Kijapani kwenye kompyuta. Mwandishi huchapa matamshi ya neno, programu humletea kanji (herufi zenye asili ya Kichina) za kuchagua, naye hubonyeza Enter kuthibitisha aliyoitaka. Enter hiyo si ya kutuma. Kama msimbo wenu unatuma kila Enter inapobonyezwa, ujumbe unaondoka ukiwa nusu, na mtu anaaibika mbele ya rafiki yake. Anayeujaribu mfumo kwa Kiingereza hataliona kosa hili hata akikesha. Kabla ya kutuma, msimbo uangalie isComposing, alama ya kivinjari inayosema kama mtu bado anachagua kanji. Ikiwa ni kweli, usitume. Kwenye Safari, kivinjari cha Apple, hiyo peke yake haitoshi, kwa hiyo angalieni pia kama keyCode, yaani namba ya kitufe kilichobonyezwa, ni 229; ikiwa ndiyo, msitume.

Kisha kagueni utafutaji. Kijapani hakiachi nafasi kati ya neno na neno, hivyo mfumo unaotegemea nafasi utaiona sentensi nzima kuwa neno moja. Tumieni kichambuzi cha lugha hiyo, yaani programu inayoikata sentensi kuwa maneno, kama MeCab au Kuromoji.

Sasa majina, na hapa ndipo ninapowasihi mtulie. Jina la ukoo hutangulia. Kanji zilezile zinaweza kusomwa kwa namna tofauti, ndiyo maana fomu za Japani huwa na sehemu ya pili ya kuandika matamshi kwa kana (herufi za Kijapani za silabi), na majina hupangwa kwa kufuata matamshi hayo. Lakini kabla ya kuongeza sehemu hiyo, jiulizeni: je, mnalihitaji jina halisi? Facebook ilifungua toleo la Kijapani mwaka 2008, ikisisitiza majina halisi. Iliikuta Mixi, mtandao wa kijamii wa Kijapani ulioanza mwaka 2004, ambako watu waliandikiana kwa majina ya kubuni na kuona nyayo za waliopita kwenye kurasa zao. Tafsiri ya Facebook ilifanywa kwa msaada wa watumiaji wenyewe, na bado ilichukua miaka kadhaa kupata nguvu. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa halikuwa maneno. Mtu aliyezoea kuzungumza bila bosi wake kumtambua hakuona sababu ya kuhama.

Kwa hiyo ruhusuni jina la kubuni lionekane hadharani, na msiombe orodha ya namba za simu siku ya kwanza. Halafu tafuteni mtu anayeandika Kijapani kila siku, mwambieni amtumie rafiki yake ujumbe kwa kompyuta na kwa simu, nanyi mkae nyuma yake kimya, mkiandika kila anaposita.