Mwanangu, hivi ndivyo nilivyoiona Japani nilipofika

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeisoma kwangu ikiwa saa saba za usiku na kwenu ndio kwanza saa moja, usingizi ukakata kabisa kwa furaha. Unasema umepata ile kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye nasari huko Saitama, unaanza Aprili, na unataka nikwambie kweli kweli, nilipofika huku Nagoya 2014 siku za kwanza niliionaje hii kazi na watoto walinipokeaje, walinikimbia ama vipi. Kwa simu hatutamaliza, acha nikuandikie.

Nianze na watoto manake naona ndilo limekukaa moyoni. Hawakunikimbia. Mwaka wa skuli huku unaanza Aprili kwa hivyo siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya kwanza pia kwa wale wa miaka mitatu, pale getini kila mmoja analia anamtaka mamake, nani angekuwa na nafasi ya kushangaa rangi yangu! Walipotulia ndio wakaanza kunikagua. Kuna mmoja alinishika mkono akaugeuza, akatazama kiganja, akaweka chake pembeni, akageuza tena upande wa juu, kimya kabisa, halafu akanivuta vidole twende tukachimbe mchanga. Yakaisha hapo. Nywele walizishika karibu mwezi mzima na mimi niliwaachia, wewe kama hutaki kushikwa kichwa sema mapema kwa upole, wanasikia.

Kilichonishangaza hasa ni pale mlangoni asubuhi. Mtoto anakaa chini mwenyewe, anavua viatu vya nje, anavipanga kwenye kijisanduku chake, anavaa vile vyepesi vya ndani, na kwa mtoto wa miaka mitatu kuvaa kiatu ni kazi, kisigino hakiingii, anavuta, anapumzika, anajaribu mguu mwengine. Mimi nimelelewa na bibi yako, mtoto akihangaika unainama unammalizia, mkono wangu ulishatangulia na mwalimu wa darasa akanigusa bega taratibu, akatabasamu, tukangoja wote wawili. Tukangoja sana. Kiatu kikaingia, na yule mtoto akasimama akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumeona.

Na ni hivyo kwa kila kitu. Wanajipakulia, wanafuta meza, wakikusanyika kula mikono inaunganishwa kwanza wanashukuru chakula pamoja ndio kijiko kinaguswa. Hata wakigombania toi mwalimu hakurupuki, anasogea karibu anatazama, anawapa nafasi wasuluhishane, na pengine mtoto mwengine ndio anakuja kuamua ule ugomvi. Mwanzoni nilikasirika, nikasema hawa walimu wenzangu ni wazembe. Sio uzembe, wanatazama kweli, macho hayatoki. Siku hizi nafanya hivyo hivyo isipokuwa nikiona meno yamekaribia mkono wa mtu, hapo siwezi kungoja na sitaki kujifunza kungoja. Nikwambie na hili, nyakati zile wewe ulikuwa darasa la nane kwa bibi, unajifulia yunifomu mwenyewe, na mimi nimesimama huku namtazama mtoto wa mwenzangu akipambana na kiatu, nilikuwa nakuwaza wewe kila asubuhi, sijawahi kukwambia.

Halafu tetemeko. Utafanya zoezi kila mwezi, kuna kofia nene za kitambaa wanavaa kichwani na mstari wa kutoka nje unajulikana, tangu lile tetemeko kubwa la 11 Machi 2011 ndio kabisa hakuna anayefanya utani na mambo haya. Mara ya kwanza simu zote za walimu zililia kwa pamoja, ule mlio wa tahadhari, mimi bado natafuta simu yangu mfukoni na watoto wa miaka minne wameshaingia chini ya meza wamefunika vichwa. Lilikuwa dogo. Lakini nilitulia moyo kwa sababu yao, sio kwa sababu ya mtu mzima yeyote.

Watu wazima ndio wanachukua muda, hilo sikufichi. Ni wapole, watakuinamia, watakusaidia kubeba sanduku mpaka stesheni, lakini kualikwa nyumbani kwa mtu nilingoja sana, na kwenye treni nilikuwa naona kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu hata wengine wakiwa wamesimama. Iliniuma. Ila wazazi wa watoto ndio walionifungulia mlango, kuna daftari dogo linalokwenda na kurudi kati ya nyumbani na skuli, mtoto amekula nini, amelala vipi, ana homa ama hana, na mama mmoja akaanza kuniandikia kwa Kiingereza kilichovunjika vunjika kwamba mtoto anaimba nyimbo zangu akioga. Tukawa marafiki mpaka leo.

Kampuni itakwambia Kijapani hakihitajiki, ongea Kiingereza tu. Usikubali, jifunze, mtoto akianguka analia kwa Kijapani. Anza na hiragana, zile herufi za Kijapani wanazoanza nazo watoto, sasa hivi ukiwa Mombasa, majina ya watoto kwenye beji, kwenye visanduku vya viatu, kwenye vitabu vyao vya hadithi yameandikwa kwa hiragana, ukiijua tu siku ya kwanza unaita kila mtoto kwa jina lake.

Ya pesa haraka haraka. Ofa nyingi za kazi hizi zinazunguka kwenye yeni 250,000 kwa mwezi kabla ya makato, mwaka wa kwanza utaona inatosha kwa sababu kodi ya wakaazi bado haijaanza kukukata, inapigwa kwa mapato ya mwaka uliopita, kwa hivyo mwaka wa pili mnamo Juni usishtuke, weka akiba. Nyumba uliza kwa maandishi nani analipa dipoziti na ile "zawadi" ya mwenye nyumba, manake wengine wanaidai na hairudi. Kadi ya ukaazi utapewa uwanja wa ndege, halafu ukishapata pa kukaa una siku 14 kwenda kujiandikisha ofisi ya mji. Uliza pia nasari ina watoto wangapi, watoto wanaozaliwa huku wanapungua vibaya, 2024 wale wa Kijapani waliozaliwa hawakufika hata laki saba nchi nzima, na baadhi ya nasari zinafunga.

Baridi ni ya ndani ya nyumba zaidi kuliko ya nje, leta soksi nzito. Viungo vya biriani usijaze sanduku, mtaa wa Shin-Okubo pale Tokyo kuna maduka ya halali, mchele wa basmati na nyama ya mbuzi utapata.

Nipigie picha ule mkataba, kurasa zote, hasa ya likizo na ya nyumba, unitumie kabla hujasaini. Bibi mpe simu Jumapili nizungumze naye mimi mwenyewe, wewe usimwambie kitu kwanza.

Mama yako