Chupa ya wafu iko wapi?

Wadogo zangu, jana nimefungua inkubeta, kabati letu la joto la kukuzia bakteria, nikakuta chupa zenu sita za tope la Mto Mirongo, za kutafuta bakteria wanaokula toluini (kimiminika chenye sumu kilichomo kwenye petroli). Zote zimezibwa kwa pamba, na kontroli, yaani chupa ya kulinganishia, hakuna hata moja. Nikafunga mlango polepole. Leo naandika.

1. Kontroli iliyouawa, yaani chupa ya tope ambalo bakteria wake wote wameuawa, kwanza; mengine baadaye. Somo hili lilinigharimu wiki saba. Nilichota tope kando ya Mirongo, karibu na gereji, mahali maji yana utando wa mafuta unaometameta rangi rangi. Nikalitia kwenye maji ya chumvi, nikaongeza toluini, na dondoo la hamira kidogo ili bakteria wachangamke. Siku ya nne chupa zimechafuka kama maji ya kuoshea mchele, na kwenye kipimo toluini karibu imekwisha. Nikarudia, ikawa vilevile. Nilimpigia simu mama, anauza dagaa Mwaloni Kirumba, nikamwambia nimepata wadudu wanaokula sumu ya petroli. Akashukuru Mungu kwa sauti, nikasikia na wenzake wanashangilia.

Mwalimu wangu alitazama grafu muda mrefu, akauliza, "Chupa ya wafu iko wapi, binti?"

Sikuwa nayo. Nikachukua tope lilelile, nikaliua kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, 121 °C, nikatia toluini, nikaziba kwa pamba ileile. Siku ya nne toluini ilikuwa imeshuka kwa wafu sawasawa na kwa wazima. Ilikuwa inapanda hewani kupitia kwenye pamba. Na wale waliochafua maji? Walikuwa wanakula hamira. Nililia ndani ya daladala mpaka Nyegezi, nikiwaza nitamwambia nini mama.

2. Tumia kizibo kinachobana, lakini usijaze chupa hadi shingoni. Daioksijenesi, kimeng'enya ambacho bakteria hawa hutumia kupasua pete ya kaboni inayotokana na toluini, inataka oksijeni ya hewani. Osamu Hayaishi na wenzake walionyesha mwaka 1955, kwa oksijeni-18, kwamba kimeng'enya cha aina hii kinachopasua pete ya katekoli (kemikali ya jamii ile ambayo bakteria hawa huigeuza toluini kabla ya kuipasua) kinabandika atomi zote mbili za oksijeni hiyo. Ukiwanyima hewa, kimeng'enya hiki hakipasui pete.

3. Hamira acheni. Toluini iwe chakula chao pekee.

4. Katekoli ya kupulizia koloni (vikundi vya bakteria kwenye petridishi) ichanganywe asubuhi hiyohiyo. Ikigeuka kahawia, imwageni kwenye dumu la taka, kamwe si kwenye sinki. Koloni likibaki jeupe msilitupe, maana kimeng'enya cha 1,2 (namba zinaonyesha kinapoipasua pete) hakitoi rangi. Cha 2,3 ndicho kinachotoa njano. Mara yangu ya kwanza kuiona, miezi mitano baada ya simu ile, nilikuwa nimeinamia petridishi na kichupa cha kupulizia mkononi. Koloni moja pembeni likaanza kupata njano kwenye ukingo, ikaingia ndani taratibu, hadi lote likawa kama kiini cha yai la kienyeji. Nikampelekea mama picha. Akajibu: "Safari hii umewauliza wafu?"

Nilikuwa nimewauliza.

Chupa zenu sita nimeziacha palepale. Otoklevu iko wazi kuanzia saa nne.