Mgongo sugu na sindano za Kichina: jaribu kwa hesabu

Madaktari huyaita maumivu ya mgongo sugu yakishapita miezi 3, na hayo ndiyo yanayofaa kupelekwa kwenye sindano za Kichina, ambazo wengine huziita akyupancha. Mgongo uliokaza juzi kwa kubeba gunia au ndoo mara nyingi hupoa wenyewe ndani ya wiki chache, uchomwe usichomwe. Ukikimbilia sindano wiki ya kwanza, tabibu atapata sifa ya kazi iliyofanywa na mwili.

Kuna migongo isiyostahili sindano hata moja mpaka daktari aiangalie. Ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo uliogoma kutoka au unaotoka bila wewe kujua, mguu unaozidi kulegea: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Homa za jioni, jasho la usiku na mwili kukonda, kwa mazingira yetu lazima kwanza uwaze kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kinakula pingili polepole, na mgonjwa huja kupooza miguu akiwa bado anachuliwa mafuta nyumbani. Mwanamume aliyepita miaka 50 ambaye maumivu hayamwachi hata akilala apimwe tezi dume. Waliowahi kuugua saratani, walioanguka au kupata ajali karibuni, na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu nao waanzie kwa daktari. Sindano inaweza kuyapunguza hata maumivu ya namna hiyo kwa siku kadhaa, na hatari iko hapohapo, kwa sababu nafuu hiyo inachelewesha vipimo.

Sasa sindano yenyewe. Haina tundu wala dawa ndani. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, unene wake milimita 0.25 au 0.30, wakati sindano ya hospitali ya kupigia dawa msulini, ile ya geji 21, ina milimita 0.8. Kwa kiuno hutumika urefu wa milimita 40 au 50. Kwenye tako, kwa mtu ambaye maumivu yanamshuka mguuni, huenda hadi milimita 75 kwa sababu nyama ni nyingi.

Tabibu anayejua kazi hupima kwa mwili wako, si kwa rula. Kipimo kimoja, tsun, ni upana wa kidole gumba chako wewe mgonjwa. Nukta, yaani mahali pa kuchoma, inayotumika sana kwa kiuno iko usawa wa pingili ya pili ya kiuno, tsun 1.5 kutoka katikati ya mgongo kila upande, ambazo ni sawa na upana wa vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati. Nyingine iko chini yake, usawa wa ncha ya juu ya mifupa ya nyonga. Halafu kuna mbili ambazo wageni huzishangaa: moja katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, nyingine kwenye kibonde kati ya kifundo cha nje cha mguu na ule mshipa mnene wa kisigino. Kwa hiyo ukiona anachoma mguu wakati kinachouma ni kiuno, hajapotea njia. Juu ya hizo ataongeza sehemu zinazouma zikibonyezwa. Kwa kawaida jumla huwa sindano 10 hadi 15, ukiwa umelala kifudifudi na mto chini ya vifundo vya miguu, na hukaa mwilini dakika 20 hadi 30.

Kuchomwa kwenyewe ni kama kufinywa kidogo. Kinachofuata sindano ikiingia msulini ndicho cha kusikiliza: uzito, joto, maumivu butu yanayosambaa. Hayo ni ya kawaida na tabibu huyatafuta kwa makusudi. Yasiyo ya kawaida ni maumivu makali yanayowaka, au mshtuko kama wa umeme unaokimbia hadi vidoleni. Hapo sindano imegusa neva; sema mara moja airudishe nyuma, usijikaze kisabuni. Vituo vingine huunganisha sindano na mashine ndogo ya umeme, ambayo hufanya msuli uchezecheze taratibu. Mwenye kifaa cha umeme cha moyo asiunganishwe. Vingine huweka taa ya joto juu ya kiuno. Mwenye kisukari ambaye miguu imeshapoteza hisia asiikubali bila uangalizi, maana ataungua asijue.

Je, zinasaidia? Jibu la kweli lina makunyanzi. Mwaka 2007 Wajerumani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye nukta za Kichina, la pili likachomwa juujuu mahali ambapo hakuna nukta, la tatu likapewa dawa, fiziotherapia na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Maana yake, sindano zilishinda matibabu ya kawaida kwa mbali, lakini nukta halisi karibu hazikuzishinda nukta za uongo. Ndiyo sababu wataalamu hawakubaliani: mwongozo wa Uingereza wa 2009 ulizikubali kwa mgongo, wa 2016 ukaziondoa, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 likaziweka kati ya njia zinazoweza kutumika, kwa masharti. Kwa mgonjwa, takwimu hizo zina funzo la mfukoni. Usimlipe mtu zaidi kwa madai kwamba anajua nukta za siri. Wala usisafiri kuvuka mikoa kumfuata bingwa mmoja wakati kuna tabibu msafi na makini karibu nawe.

Kwenda mara moja hakupimi kitu. Panga mara 6, mara mbili kwa wiki au moja ikiwa hali ya pesa hairuhusu, na kabla ya ya kwanza anza daftari. Andika maumivu kwa alama 0 hadi 10 asubuhi na jioni, idadi ya vidonge vya maumivu ulivyomeza, na kazi moja ya kawaida inayokushinda: dakika ngapi unaweza kukaa kwenye daladala, au nguo ngapi unafua kabla ya kulazimika kunyooka. Baada ya mara ya sita linganisha. Alama zikishuka kwa 2 au zaidi, au vidonge vikipungua nusu, endelea hadi 10 au 12. Zikibaki palepale, acha. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, ina utaratibu unaofanana na huo tangu 2020: inalipia mara 12 ndani ya siku 90, inaongeza 8 kwa mwenye nafuu tu, na haivuki 20 kwa mwaka. Tabibu anayekuuzia fungu la mara 30 kwa malipo ya mkupuo anauza kitu kingine.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza faida. Sindano hutuliza, haijengi msuli. Ule muda wa siku moja au mbili ambao mgongo umelegea ndio wa kufanya yale yaliyoshindikana kwa maumivu. Tembea dakika 20 hadi 30. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyanyua kiuno polepole, shikilia kwa sekunde 5, shusha, mara 10. Piga magoti na viganja chini, upinde mgongo juu kisha ushushe, mara 10. Siku ya sindano fanya kidogo, usiingie kwenye kubeba matofali kwa furaha ya kujisikia mzima. Mtu anayechomwa kila wiki na kurudi kulala kitandani atakuwa mteja wa kudumu.

Usiende na tumbo tupu. Anayezimia kwenye sindano mara nyingi hajala, ana hofu, au amechomwa akiwa amekaa. Aliyefunga apange miadi baada ya futari. Dalili ni kijasho baridi, kichefuchefu na uso kupauka. Sindano zote zitolewe, miguu iinuliwe, kisha apewe kitu cha sukari akishazinduka vizuri. Vaa nguo zilizolegea, na mama aende na kanga ya kujifunika. Kuomba tabibu wa kike si usumbufu. Sindano ikinasa, sababu ni msuli uliokaza au wewe kujigeuza. Haivutwi kwa nguvu: husubiriwa, pembeni pakachuliwa taratibu mpaka iachie. Ukitoka hesabu naye sindano zilizoingia na zilizotoka. Ya kusahauliwa hutokea, hasa nyuma ya goti.

Kuvilia damu kidogo ni kawaida. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin aseme kabla, na mjamzito vilevile, kwa kuwa nukta kadhaa za kiuno na miguu huepukwa. Hatari kubwa haiko kiunoni bali mgongo wa juu na mabega, ambako sindano iliyozama wima inaweza kutoboa pafu. Huko sindano huingizwa kwa mshazari na kwa kina kifupi. Ukipata kichomi cha kifua au pumzi kukata saa chache baadaye, hata kesho yake, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulichomwa.

Usafi hauna mjadala. Pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano itumike mara moja, iishie kwenye kasha la vitu vyenye ncha kali. Anayechemsha sindano za zamani anakupa nafasi ya homa ya ini B. Na kama atatoa wembe na vikombe, hiyo ni kuumika, hijama, tiba nyingine yenye masharti yake. Usikubali iongezwe papo kwa papo.

Mahali pa kuanzia kutafuta ni hospitali za serikali zenye timu za madaktari wa Kichina. Zanzibar hupokea timu kutoka jimbo la Jiangsu tangu 1964, na Tanzania Bara kutoka Shandong tangu 1968, ingawa si kila timu huja na mtu wa sindano, hivyo uliza kabla ya kupanda gari. Kwa vituo binafsi vya Bara, omba kuona usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa kuchoma sindano kavu, yaani zisizo na dawa, naye anafaa, na mara nyingi atakupa mazoezi palepale.

Zikikufaa, usikate ghafla. Peleka mara moja kwa wiki, kisha wiki mbili, kisha uache uone. Zikikushinda, chukua daftari lile lile umpelekee mtaalamu wa fiziotherapia. Atajua kwa dakika 5 ni saa ngapi na kazi gani inayouchokoza mgongo wako.