Poirot, maiti na paper yako ya kwanza ya falsafa

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza, kama mmepangiwa mada ya kifo na maadili kwenye tamthilia za upelelezi msiidharau, mi niliichukua nikidhani ya kupumzikia, nikajisemea si naangalia Poirot tu, yule mpelelezi wa hadithi za Agatha Christie, halafu naandika, weee. Kurasa tano, tatu zote nasimulia nani kamuua nani. Mwalimu akaandika pembeni kwa peni nyekundu: hadithi naijua, wewe unasemaje?

Kwa hiyo kabla hujakimbilia kuuliza Poirot kakosea au kapatia, anza na maiti. Chukua ile ya treni ya Orient Express (namwaga mwisho wake hapa, kitabu ni cha 1934 jamani, muda mlikuwa nao). Abiria mmoja, Ratchett, kakutwa kafa na majeraha 12 ya kisu (watu 12 wa kwenye treni walimchoma mmoja mmoja kulipiza kisasi), mengine yamezama, mengine kama mchubuko, na kwenye kitabu daktari anaona kuna yasiyotoa damu inavyotakiwa, yaani kuna aliyemchoma mtu kashakufa tayari. Hapo simama. Huyo kamuua nani? Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema kifo si kitu kwetu, tukiwepo sisi chenyewe hakipo, kikija sisi hatupo. Sawa, ila mfuate mpaka mwisho uone, hata aliyechoma wa kwanza unashindwa kusema kamdhulumu nani maana mdhulumiwa mwenyewe hayupo. Mwanafalsafa Thomas Nagel mwaka 1970 akaja na hoja kwamba ubaya wa kifo ni kile unachonyimwa, zile siku ambazo ungeziishi, na mi naona hoja yake inashika vizuri ukimfikiria Daisy, yule mtoto aliyetekwa akauawa. Ukija kwa Ratchett, aliyemuua huyo mtoto, mkono unasita kuandika "kanyimwa". Usiifute hiyo sehemu uliyosita, paper yako iko hapo.

Halafu msichanganye Poirot wa kitabu na wa kwenye TV, hili liliniponza sana. Wa kitabu anatoa majibu mawili, kwamba muuaji katoka nje akatoroka au kwamba hao 12 walishirikiana, anawaachia mkubwa wa kampuni ya treni na daktari wachague, anajitoa kistaarabu kabisa. Yule wa TV wa 2010, anayeigizwa na David Suchet, anafoka, anasali, na mwishoni anatembea kwenye theluji kashika rozari machozi yanamlenga. Tena wametia tukio ambalo kitabuni halipo, mwanamke anapigwa mawe na watu Istanbul, kabla hata hatujapanda treni. Mwandishi wa skripti keshakuuliza swali lake hapo, kundi likimhukumu mtu ni haki au ni wale "wananchi wenye hasira kali" wa kwenye magazeti yetu? Tofauti zikiwa tu waliochoma kisu walivaa vizuri na wako kwenye treni ya kifahari.

Kuna na ile ya mwisho, Curtain, kitabu 1975, TV 2013. Norton hajamgusa mtu, kazi yake kuchochea wengine waue, sheria haimpati. Poirot anampiga risasi katikati ya paji la uso, halafu dawa yake mwenyewe ya moyo anaiweka mbali na kitanda, anakufa. Kajiua, kajihukumu, au kamwachia Mungu? Mi nimebadili jibu mara tatu na la tatu silipendi. Ukiichagua hiyo nitumie drafti mapema, sio saa sita usiku kesho yake deadline kama mwenzenu mmoja.